Jinsi ya Kupinga Tuzo ya CMA Mahakama Kuu Tanga Ukiwa Huna Wakili

Mfanyakazi aliyeshindwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hutoka pale na bahasha yenye tuzo, yaani uamuzi wa Tume, mkononi, na kabla hajafika nyumbani jamaa watatu wamekwisha kumwambia akate rufaa. Neno hilo la rufaa ndilo linaloanza kumpoteza. Dhidi ya tuzo ya Tume, ambayo wengi wetu huku Tanga tunaiita CMA hata tunapozungumza Kiswahili, hakuna rufaa kwa maana iliyozoeleka. Kuna maombi ya marejeo, ambayo wengine huyaita mapitio, yanayopelekwa Mahakama Kuu kwa mambo ya kazi, na ambayo kwa mkoa wetu husikilizwa na Mahakama Kuu iliyopo hapa hapa mjini. Tofauti si ya jina tu. Katika marejeo unaiomba Mahakama iitishe jalada la Tume, ilikague, kisha itengue tuzo kwa sababu ina kasoro ambayo sheria inaitambua. Mashahidi hawaitwi upya, na machungu yako ya kuachishwa kazi baada ya miaka kumi na minne hayawi hoja mpaka uonyeshe ni wapi mwamuzi wa Tume aliteleza.

Naandika kama mtu niliyekaa miaka mingi kwenye uongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, si kama wakili. Nimewahi kuwa mwombaji mimi mwenyewe, na ombi langu la kwanza liliondolewa mahakamani kwa kosa dogo ambalo nitalieleza panapohusika.

Kwanza ondoa mashaka kama njia hii ndiyo yako. Mtumishi wa umma hana budi kumaliza kwanza ngazi za Sheria ya Utumishi wa Umma, ikiwamo Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kugeukia sheria za kazi. Ikiwa tuzo yako ina kosa la kuandika au la kujumlisha tu, kwa mfano mwamuzi amekupa mishahara ya miezi mitatu lakini akakosea kuizidisha, mwombe mwamuzi huyo huyo airekebishe. Na ikiwa shauri lilisikilizwa upande mmoja kwa sababu wewe hukuwapo, usikimbilie Mahakama Kuu: rudi kwenye Tume uombe tuzo hiyo iondolewe, ukieleza sababu ya kutofika, na ufanye hivyo ndani ya siku 14 tangu ulipopata habari za tuzo. Nimewaona watu wakirudishwa kutoka Mahakama Kuu kuja kuanzia hapo, wakati siku zenyewe zimekwisha kupita.

Wiki sita si mwezi na nusu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 91 kwa hesabu ya toleo la mwaka 2019, inampa asiyeridhika wiki sita tangu siku alipokabidhiwa tuzo. Madai kwamba tuzo ilipatikana kwa njia chafu, kama rushwa, huhesabiwa wiki sita tangu siku ulipoligundua jambo hilo. Vifungu vinaweza kubadilika namba kila sheria zinapotolewa katika toleo jipya lililorekebishwa, kwa hiyo kabla hujaandika namba yoyote kwenye karatasi za mahakama omba kuliona toleo linalotumika sasa.

Wiki sita ni siku 42, na hesabu hiyo haina huruma. Chukua mfano wa mtu aliyesaini kupokea tuzo Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025. Siku yake ya mwisho ni Jumatatu, tarehe 14 Aprili 2025. Mtu huyo akijiambia kwamba wiki sita ni kama mwezi na nusu, atajikuta yuko tarehe 18 Aprili, ambayo mwaka huo ilikuwa Ijumaa Kuu na masjala zimefungwa, naye amekwisha kuchelewa siku nne. Tarehe inayohesabiwa ni ile uliyoandika kwenye daftari la Tume ulipoichukua tuzo, wala si ile iliyochapwa mwisho wa tuzo wala ile uliyopata nafasi ya kuisoma. Chukua kalenda ya ukutani, ile wanayogawa maduka ya vifaa vya ujenzi, anza kuhesabu kesho yake baada ya kupokea, na uizungushie siku ya 35 kwa kalamu nyekundu. Hiyo ndiyo iwe siku yako ya mwisho. Wiki inayobaki ni ya mtandao kukwama, umeme kukatika na kamishna wa viapo, yule atakayekuapisha, kusafiri kwenda Korogwe.

Aliyekwisha kuchelewa hajafungiwa mlango kabisa, ila anaanza na ombi jingine, la kuongezewa muda, chini ya kanuni ya 56 ya Kanuni za Mahakama ya Kazi, Tangazo la Serikali Namba 106 la mwaka 2007. Huko atatakiwa kueleza kila siku aliyochelewa. "Nilikuwa naumwa" haitoshi; itabidi uonyeshe uliumwa kuanzia lini hadi lini, cheti cha hospitali kiko wapi, na zile siku kati ya kuruhusiwa na kuleta ombi ulikuwa ukifanya nini. Kutojua sheria hakukubaliwi kuwa sababu, na kutokuwa na fedha za wakili ni nadra kukubaliwa.

Tafuta kasoro kwenye jalada

Watu wengi huharibu hapa, kwa hiyo tukae kidogo. Siku ile ile unayopokea tuzo, andika barua ya kuomba nakala ya mwenendo wa shauri na vielelezo, uigongeshe muhuri wa kupokelewa. Tuzo ni maamuzi. Mwenendo ni yale yaliyosemwa siku kwa siku. Kasoro hujificha kati ya hivyo viwili, yaani pale ambapo mwenendo unasema hivi na tuzo inasema vile.

Sheria inatambua sababu tatu za kutengua tuzo: mwamuzi kuwa na mwenendo usiofaa, tuzo kupatikana isivyo halali, na tuzo kuwa kinyume cha sheria au isiyo na mantiki. Kanuni ya 28 ya Kanuni za Mahakama ya Kazi inaongeza kwamba Mahakama inaweza kuingilia pale ambapo Tume ilitumia mamlaka isiyokuwa nayo, ilishindwa kutumia iliyokuwa nayo, ilikiuka utaratibu kwa kiasi cha kuathiri haki, au ilifanya kosa kubwa linalogusa kiini cha shauri na kuleta dhuluma. Sababu hiyo ya mwisho ndiyo mlango mpana zaidi kwa mfanyakazi, na kwa maoni yangu ndio unaosahauliwa kuliko yote.

Kaa na tuzo mezani, kalamu mkononi, ujiulize maswali machache. Je, mashahidi wote waliapishwa kabla ya kutoa ushahidi? Mahakama ya Rufani imekwisha kufuta mienendo ya Tume kwa sababu shahidi hakuapishwa, na vilevile kwa sababu mwamuzi hakuweka saini yake mwishoni mwa ushahidi wa kila shahidi. Lakini kabla hujashangilia kasoro ya namna hiyo, fahamu matokeo yake: shauri hurudishwa Tume kuanza upya, pengine mbele ya mwamuzi mwingine, na wewe unaweza kukaa mwaka mwingine bila kulipwa. Ikiwa unayo hoja inayoweza kukupa ushindi hapo hapo Mahakama Kuu, itangulize hiyo.

Je, mwamuzi alikubebesha mzigo usio wako? Sheria inamtaka mwajiri athibitishe kwamba alikuwa na sababu halali ya kukuachisha na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Wewe unachotakiwa kuonyesha ni kwamba uliachishwa. Ukikuta kwenye tuzo sentensi kama "mlalamikaji ameshindwa kuthibitisha kwamba aliachishwa kazi isivyo haki", na mwajiri mwenyewe hakukana kukuachisha, pigia mstari sentensi hiyo na uandike namba ya ukurasa wake, maana hapo pana kosa la kisheria.

Je, kipo kielelezo kilichopokelewa ambacho tuzo imekiruka? Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, zinampa mfanyakazi muda usiopungua saa 48 kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu. Nilipata kukaa na mama mmoja nyumbani kwake Makorora tukipekua karatasi zake. Alikuwa amekwisha kutayarisha kurasa sita za malalamiko kuhusu msimamizi wake, tangu matusi hadi zamu za usiku. Katikati ya bahasha ile tukakuta barua ya kuitwa kikaoni, ikiwa na saini yake ya kupokea saa kumi jioni, ya kikao cha kesho yake saa tatu asubuhi. Ni saa kumi na saba. Kielelezo kilikuwa kimepokelewa, mwamuzi hakukigusa kwa neno hata moja. Kurasa zile sita tukaziweka pembeni.

Jizuie kuongeza hoja. Hoja mbili zenye mashiko zilizofungwa kwenye kurasa za jalada zina nguvu kuliko kumi na moja zinazosema jambo moja kwa hasira tofauti. Na jambo ambalo hukulisema mbele ya Tume, wala halimo kwenye mwenendo, usilitegemee sasa, isipokuwa hoja ya mamlaka, ambayo huweza kuibuliwa wakati wowote.

Nyaraka zinazohitajika

Ya kwanza ni taarifa ya kusudio la kuomba marejeo, fomu ya CMA namba 10, ambayo hupelekwa kwenye Tume yenyewe. Majaji wamepata kutofautiana kama kuikosa fomu hii kunaliua ombi. Wewe usiwe wa kuwapa nafasi ya kutofautiana tena. Ijaze, ipeleke, ubaki na nakala yenye muhuri.

Ya pili ni taarifa ya maombi, iliyotajwa kwenye kanuni ya 24 ya Kanuni za Mahakama ya Kazi. Inataja Mahakama, majina ya pande zote, tuzo inayolalamikiwa pamoja na namba na tarehe yake, vifungu unavyotegemea, nafuu unazoomba, yaani unachotaka Mahakama ikuamulie, na anwani utakayopokelea nyaraka. Wengi huambatanisha pia hati ya wito. Majina yaandike herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye tuzo. Kiwanda kinaweza kuwa na jina wanalolitumia watu mtaani na jina jingine lililosajiliwa. Ukiandika lile la mtaani umemshitaki asiyekuwapo.

Ya tatu, iliyo moyo wa ombi lote, ni hati ya kiapo. Kanuni inataka iwe na mambo manne: majina na anwani za wahusika, maelezo ya matukio kwa mfuatano wa tarehe, masuala ya kisheria yanayotokana na matukio hayo, na nafuu unazoomba. Kiapo ni ushahidi, kwa hiyo hakibebi hoja wala maombolezo. Aya kama hii haifai: "Kwamba mwamuzi alinionea waziwazi na kila mtu anajua kuwa mwajiri huyu ana tabia hiyo." Hii inafaa: "Kwamba tarehe 11 Novemba 2024 saa kumi jioni nilikabidhiwa barua iliyoniita kwenye kikao cha nidhamu cha tarehe 12 Novemba 2024 saa tatu asubuhi, barua ambayo Tume iliipokea kuwa kielelezo D3." Masuala ya kisheria nayo yaandike kama maswali, bila kuyajibu: "Iwapo mwamuzi alikuwa sahihi kuamua kwamba utaratibu ulikuwa wa haki ilhali mwombaji alipewa muda unaopungua saa 48 za kujiandaa." Majibu yake utayatoa siku ya kusikilizwa. Mwisho wa kiapo weka uhakiki, yaani maneno ya kueleza kwamba yaliyomo ni kweli kwa ufahamu wako mwenyewe. Na kama kuna aya uliyoambiwa na mtu, taja ni aya ipi na ni nani aliyekuambia.

Sasa kosa langu. Mwishoni kabisa mwa kiapo huwa na sehemu ya kuapishwa, ambapo kamishna wa viapo huandika jina lake, saini yake, mahali na tarehe. Mimi nilikwenda kwa kamishna jioni, ofisi ikikaribia kufungwa. Akagonga muhuri, akasaini, akanipa mkono. Mahali pa kuapia pakabaki nukta nukta tupu. Miezi mitatu baadaye wakili wa upande wa pili alisimama na pingamizi la awali la dakika tano, na ombi langu likaondolewa bila hoja yangu hata moja kusikilizwa. Kuondolewa si sawa na kutupiliwa mbali: unaruhusiwa kurudi, na Mahakama ya Rufani imekwisha kukubali kwamba muda uliopotea ukiwa mahakamani na ombi lililoondolewa kwa kasoro ya namna hiyo unaweza kuzingatiwa unapoomba kuongezewa muda. Lakini ni miezi minane ya maisha yangu iliyomezwa na nukta nukta. Usitoke ofisini kwa kamishna kabla hujasoma sehemu ile neno kwa neno, na usisaini kiapo nyumbani ukampelekea. Unasaini mbele yake.

Karatasi hizi zote unaweza kuziandika kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ingawa mawakili wengi bado wanaona raha kuandika Kiingereza. Ikiwa wewe Kiingereza chako ni cha kuungaunga, andika Kiswahili chako kilichonyooka.

Kufungua, kufikisha na kusikilizwa

Ombi hufunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Steshenari nyingi za Ngamiani zitakuchapia na kukuskania, lakini hakikisha kila ukurasa unasomeka, na uende masjala mwenyewe kuthibitisha kuwa ombi limepokelewa na kupewa namba. Makarani hawaruhusiwi kukushauri hoja, ila watakueleza hatua ukiwauliza kwa adabu.

Huna wakili, lakini si lazima uwe peke yako. Sheria ya Taasisi za Kazi inakuruhusu kusimama mwenyewe, kuwakilishwa na kiongozi wa chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa, au na mwakilishi binafsi uliyemchagua. Wale wa mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe wana TPAWU, wa viwandani wengi wako TUICO, na wa bandarini wana DOWUTA. Aliyekatwa ada ya chama kila mwezi asione haya kwenda kuidai huduma yake. Wapo pia wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao huduma yao ni bure. Na hofu ya kubebeshwa gharama za upande wa pili iweke chini: katika mashauri ya kazi Mahakama haiamuru gharama isipokuwa ombi liwe la upuuzi au la kusumbua tu.

Ukishapata hati zako zilizopokelewa mahakamani, mpelekee mjibu maombi, yaani upande wa pili, nakala mapema, asaini kupokea, na urudishe uthibitisho mahakamani. Ana siku 15 za kuleta kiapo kinzani. Kisome chote, asilolikana ndani yake limekuwa lako.

Mara nyingi jaji huelekeza ombi lisikilizwe kwa hoja za maandishi, akipanga tarehe ya wewe kuleta zako, ya mwenzako kujibu, na ya wewe kujibu tena. Tarehe hizo ziandike papo hapo kizimbani. Asiyeleta hoja siku aliyopangiwa huhesabiwa kama asiyefika siku ya kusikilizwa, na ombi lake huweza kutupiliwa mbali kwa sababu hiyo tu. Ndani ya hoja usiingize tukio jipya ambalo halimo kwenye kiapo wala kwenye jalada, kwa kuwa hoja si ushahidi. Anza kila hoja kwa kutaja ukurasa: tuzo ukurasa wa 9 inasema hivi, mwenendo ukurasa wa 31 unaonyesha vile, kanuni inataka hivi. Ukiitwa kuzungumza kwa mdomo, fuata mpango huo huo, umwite jaji "Mheshimiwa Jaji", na akikuuliza swali, acha karatasi yako ulijibu swali hilo kwanza.

Kumbuka kwamba kufungua ombi peke yake hakusimamishi utekelezaji wa tuzo. Kama tuzo imekuamuru wewe kulipa au kurudisha kitu, omba Mahakama isimamishe utekelezaji mpaka ombi liamuliwe.

Baada ya uamuzi

Jaji akikubaliana nawe anaweza kutengua tuzo na kuamua mgogoro mwenyewe, kubadili kiwango ulichopewa, au kurudisha shauri kwenye Tume kwa maelekezo. Akikataa, kinachobaki ni Mahakama ya Rufani, na huko, kwa mujibu wa kifungu cha 57 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, husikilizwa hoja za kisheria peke yake. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa iwe imefika masjala ndani ya siku 30 tangu siku uamuzi uliposomwa, hata kama nakala ya hukumu hujaipata. Ndani ya siku hizo hizo peleka barua ya kuomba nakala za mwenendo, hukumu na amri, nakala ya barua hiyo umfikishie mjibu maombi, naye asaini kwamba ameipokea.